Mama Mkubwa, Sakafu na Mlango wa Bega

Mtu akikwambia kuku ni kuku tu, muulize kama amewahi kuishi na mama mkubwa wangu. Mimi kanilea yeye tangu mama yangu mzazi alipofuata kazi mji mwingine, kwa hiyo habari zake sikusimuliwa na mtu. Niliziona, na nyingine nilipigiwa kelele nikiwa ndani yake.

Miaka yake yote ya nguvu alikuwa mfagizi wa hospitali. Hakuna wodi ambayo hakuideki. Mpaka leo akitembea anapita ukutani ukutani, hata barabarani, kwa sababu kichwani mwake katikati bado pamelowa. Akiingia nyumba ya watu haangalii makochi wala televisheni, anaangalia chini, pale sakafu inapokutana na ukuta. Akitikisa kichwa kidogo, nyumba imepita. Akivuta mdomo, hata maji ya kunywa hatagusa.

Alipostaafu nikadhani sasa atakaa. Akae? Wiki haikuisha, kashaleta kuku.

Banda la kwanza lilikuwa la sakafu ya udongo. Wote tunafanya hivyo, si ndiyo? Unazungusha ukuta, unaweka bati, chini unaacha Mungu alivyoumba. Kicheche akachimba chini ya ukuta akaingia. Kama humjui kicheche, ni mnyama mdogo mrefu kama soksi, harufu yake inatangulia kama gari la matangazo. Huyo haibi kuku mmoja akaenda zake kama mwizi mwenye adabu. Anaua banda zima, anakula shingo ya mmoja, anaondoka.

Banda la pili Mama Mkubwa akaweka sakafu ya mbao. Safi kabisa, mbao zimepigwa randa, unaweza kulala. Lakini mbao zina nafasi katikati, na kwenye nafasi wakaingia utitiri, wale wadudu wadogo kama vumbi linalotembea. Akawa anamwaga maji na dawa kila siku kama alivyozoea wodini. Mbao zikalowa, zikaoza, na kicheche akasukuma ubao mmoja kwa pua tu. Asubuhi tukakuta manyoya.

Sasa tuna jirani wa ukuta mmoja. Kazi yake kushona viti vya magari, jina lake mtaani ni Kinanda, maana akianza hakuna wa kumzima. Akachungulia juu ya ukuta, akamtazama Mama Mkubwa anazoa manyoya, akasema, "Mama, mimi nilidhani unafuga kuku. Kumbe unamfuga kicheche. Tena unamlisha vizuri, hongera."

Mguu wangu mmoja ulishafika juu ya ukuta. Mama Mkubwa akanikamata shati kwa nyuma.

"Shuka."

"Niache nimfundishe adabu!"

"Shuka nimesema. Kasema kweli."

Halafu akasimama katikati ya ua na ufagio wake, majirani wameshatoka, na akasema kwa ile sauti aliyokuwa akiwafukuzia watu wanaokanyaga sakafu mbichi: "Nimebaki na vifaranga walioko chumbani kwangu na mama yao. Wakikua nitawatoa waingie banda jipya. Kicheche akimpata hata mmoja, nabomoa, napanda mboga, na kuku sitafuga tena mpaka nazikwa. Mmesikia wote."

Pale roho yangu ikashuka. Huyu mama hajui kurudisha neno. Kuna muuza mkaa mmoja alimkosea, akasema hataongea naye tena. Wamezeeka wote wawili, na mpaka leo akienda kununua anaonyesha gunia kwa kidole, anabeba, anaondoka. Sasa kuku ndio walikuwa wamemfanya asiamke asubuhi akadeki sebule ambayo haina hata punje ya vumbi. Akiwapoteza, atadeki mpaka vigae vitoboke, na mimi nitahama.

Kwa hiyo banda la tatu halikuwa mchezo. Ukuta tulikuwa nao, bati tulikuwa nalo. Ilibaki sakafu na mlango.

Mimi nafanya kazi kwenye uwanja wa vifaa vilivyotumika. Nyumba ikibomolewa, sisi tunakwenda, tunatoa milango, madirisha, masinki, vigae, tunauza. Nikamwambia, "Mama Mkubwa, usihangaike, sakafu niachie mimi. Kuna vigae vyeupe vimetoka nyumba ya tajiri, vinang'aa, ukipangusa mara moja basi."

Kesho yake mchana, jua la utosi, namwona anaingia uwanjani kwetu na kikapu. Ndani ya kikapu kuna kuku. Ni yule mama wa vifaranga, tunamwita Matroni, maana anatembea kifua mbele kama mkuu wa manesi anayekagua vitanda.

Bosi wangu akauliza, "Mama, umeleta kuuza?"

"Nimemleta achague. Anayekaa ni yeye."

Wapakiaji wote wakaacha kazi. Akamweka Matroni juu ya vigae vyangu vyeupe. Maskini, hatua ya kwanza mguu wa kulia ukaenda zake, hatua ya pili wa kushoto ukafuata njia yake, akabaki amepanuka kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima kwenye harusi. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini.

"Unaona?" akaniambia. "Hiki si cha kuku, hiki ni cha wageni. Mimi nimeokota watu wangapi waliodondoka kwenye vigae kama hivi? Kuku akipanuka miguu akiwa mdogo, hasimami tena."

Akamhamishia kwenye bati la mistari. Bati lilikuwa limechomwa na jua, Matroni akaruka juu kama kasikia jina lake mahakamani. Akawekwa kwenye zulia la mpira lililotoka kwenye ukumbi wa mazoezi. Hapo akatulia, nikapumua. Kumbe ametulia anakula. Anang'oa vipande vya mpira anameza.

"Mtoe, mtoe! Atakufa na tairi tumboni!"

Mwisho akamshusha kwenye kipande cha zege la zamani, kinakwaruza, hakijapigwa ulaini. Matroni akatembea. Akachakura. Akageuka, akainua mkia, akaweka yake pale katikati.

"Kasaini," bosi akasema.

Basi, ikawa zege. Mama Mkubwa akamwaga maji pale kuku aliposaini, akapitisha ufagio wa vijiti, pakawa safi. Hapo akatikisa kile kichwa chake kidogo. Sikuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kujua sakafu kama daktari anavyojua tumbo, lakini niliona kwa macho yangu, na nilianza kuwaambia wapakiaji, "Huyo ni mama yangu mkubwa huyo," kama vile hawakujua.

Fundi wa zege tulimchukua Pima Maji. Jina hilo kalipata kwa kile kifaa chake chenye kipovu cha maji ndani, anachoweka juu ya kila kitu kuona kama kimelala sawa. Nadhani hata sahani ya chakula anaipima. Akachimba, akashindilia kokoto, na Mama Mkubwa akamtaka ashushe zege pembeni liingie ardhini chini ya ukuta, kina cha mkono mzima, na wavu wa chuma ndani yake. Hapo hawakugombana. Wakaja kugombana alipoanza kusawazisha juu.

Mama Mkubwa akatoa yai viza mfukoni, akaliweka kwenye ubao juu ya zege bichi. Yai likakaa.

"Fundi, yai halitembei."

"Halitembei kwa sababu kazi ni safi, mama. Tazama kipovu, kipo katikati."

"Mimi sitaki kipovu kiwe katikati. Nataka maji yatoke mlangoni yenyewe bila kuombwa. Inamisha."

"Niinamishe?" Pima Maji akasimama kama ametukanwa wazazi. "Mama, tangu nishike mwiko sijamwaga sakafu iliyopinda. Watu wakija wakiuliza nani fundi wa hapa, nitasema nini?"

"Sema alikuwa mlevi."

"Mimi silewi!"

"Basi inamisha ukiwa mzima, zege linakauka!"

Akainamisha. Huku ananung'unika, huku anakitazama kile kipovu kinakimbilia pembeni kama mtoto aliyefukuzwa nyumbani, lakini akainamisha, mpaka yai likajiviringisha lenyewe hadi mlangoni. Mama Mkubwa akamwambia pia pembe zote za chini zisiwe kali, azizungushe kama bakuli, kwa sababu uchafu unapenda kona, na mkono wa mfagizi hauingii kwenye kona. Pima Maji alipomaliza alikaa akaitazama muda mrefu. Akasema, "Imepinda vizuri." Kwa fundi yule, hiyo ni sifa ya kuandikwa.

Sakafu ikaisha. Kwenye mlango ndipo tulipotaka kutoana macho.

Mimi nilishachagua. Mlango wa chuma, mzito, umetoka kwenye stoo ya duka, makomeo mawili, huo hata mimi mwenyewe nisingeuvunja, na najua kuvunja. Mama Mkubwa alipokuja tena uwanjani akaupita kama hauoni. Akasimama mbele ya mlango wa mbao mwepesi, una bawaba za springi, ukiusukuma ndani unarudi, ukiusukuma nje unarudi.

"Huu."

"Huu ni wa jikoni kwenye hoteli."

"Ndiyo milango ya wodini hii. Unakuja na ndoo mbili mkononi, unasukuma na bega, unapita, unajifunga wenyewe. Miaka yangu yote nimepita milango hii. Wako huo wa chuma nitaufungua na nini? Na meno?"

"Utaweka ndoo chini!"

"Ukiweka ndoo chini na mlango wazi, kuku wanatoka."

"Na mlango usio na komeo, kicheche anaingia! Mama Mkubwa, umeapa mbele ya watu!"

"Usinipigie kelele, mimi si mteja wako."

"Nakupigia kelele kwa sababu husikii!"

Bosi akaja akatutenganisha kama wapiganaji. Mlango wa bega ukanunuliwa. Nikaubeba mimi mwenyewe mpaka nyumbani, nimenuna njia nzima, nikaufunga mimi mwenyewe, kila msumari naupiga kama naudai.

Siku ya kuhamia ilikuwa asubuhi. Vifaranga wameshakuwa mitetea wakubwa, chumbani kwa Mama Mkubwa palikuwa hapalaliki tena. Tukawaingiza bandani, tukamwaga maranda ya mbao juu ya zege, wakaanza kuchakura, raha tupu. Mama Mkubwa akaingia na ndoo mbili, bega, puu, akapita. Akatoka, bega, puu. Anacheka mwenyewe. Na mlango ukarudi ukatulia kama ulivyotakiwa.

Matroni alikuwa anatazama.

Tumekaa kunywa chai, nasikia Kinanda anapiga yowe upande wa pili. Nikatoka mbio. Nakuta Matroni amesukuma mlango kwa kifua, kifua kile kile cha ukaguzi, na wanawe wote nyuma yake kwa mstari, wametoka, wamepita chini ya geti la ua, pale lilipoacha nafasi, wako kwa Kinanda juu ya vitambaa vya viti alivyovianika. Na wamesaini kila kimoja.

"Mama!" Kinanda anapiga kelele, anafukuza huku, wanapita kule. "Kicheche kachoka kuwafuata, sasa unamtumia kwa parseli?"

Tuliwakamata wote. Hakuna aliyepotea. Lakini ua mzima ulikuwa unacheka, na mimi damu ilikuwa imeshapanda, nikamgeukia Mama Mkubwa, "Nilikwambia! Nilikwambia, nilikwambia! Kama kuku anatoka kwa kifua, kicheche ataingia kwa nini, kwa barua? Ng'oa huo mlango!"

Alikuwa amesimama mbele ya mlango ule, anausukuma kwa kidole, unakwenda, unarudi. Unakwenda, unarudi. Nikaona amezeeka ghafla, nikajuta kupaza sauti, lakini sikusema. Nikadhani sasa ndiyo mwisho, ataapa kingine.

"Mlango wako wa chuma bado upo?" akauliza.

"Upo."

"Ulete."

"Huu niung'oe?"

"Nani kasema ung'oe? Sikiliza. Kulikuwa na wodi ya wagonjwa wa kuambukiza. Pale huingii kwa mlango mmoja. Kuna wa kwanza, halafu kichumba cha kusimama, halafu wa pili. Ukifungua wa kwanza, wa pili umefungwa. Humfungulii mgonjwa na dunia kwa wakati mmoja." Akapiga hatua tatu kutoka mlangoni, akachora mstari kwa kisigino. "Wako utakaa hapa. Wangu unabaki pale. Katikati nitaweka ndoo chini, nifunge, nivue viatu vya nje, nivae vya ndani, halafu bega."

Nilitaka kupata kasoro, kwa sababu bado nilikuwa na hasira na ilikuwa haina pa kwenda. Nikaitafuta kweli. Sikuipata.

Kwenye kuufunga ule wa chuma ndipo na mimi nilipopata pa kusimama. Yeye anajua sakafu, mlango najua mimi. Nikamwambia utafunguka nje, si ndani, ili mnyama akisukuma aubane zaidi kwenye fremu, si kuufungua. Komeo moja juu, moja chini kabisa, kwa sababu kicheche hasukumi kama mtu, anasukuma kona ya chini. Na kizingiti cha zege, chenye tundu la maji lililozibwa na wavu. Pima Maji akaja kumwaga sakafu na kizingiti cha kichumba na kupandisha kuta zake, safari hii akainamisha bila kuambiwa.

Mama Mkubwa akapiga magoti, akapitisha kidole chini ya mlango wangu, kote, taratibu. Sehemu moja kidole kikaingia.

"Kidole kikipita, kichwa kitapita," akasema. "Kichwa kikipita, mwili ni mgeni aliyeko mlangoni, anasubiri kuambiwa karibu tu."

Zamani ningemjibu. Nikachukua nyundo, nikaigonga fremu ikashuka mpaka nafasi ikafa. Akajaribu tena, kidole kikagoma. Akatikisa kichwa kidogo.

Jamani, mimi nimeuza milango mingi, ya mabosi, ya maofisi. Hakuna aliyewahi kunitikisia kichwa namna ile.

Tukawarudisha kuku. Kicheche hakuja siku ile wala iliyofuata, Kinanda akaanza kusema huenda kahama mtaa, kuku wa bure wamekwisha. Mama Mkubwa akawa hali vizuri. Kila alfajiri namsikia anafungua chuma, kimya, halafu bega, halafu wale kuku wanapiga soga, ndipo na mimi naendelea kulala.

Halafu asubuhi moja sikumsikia akifungua. Nikasikia ananiita kwa jina langu lote, lile la cheti.

Nikatoka na panga.

Alikuwa amesimama nje ya banda. Udongo wote wa pembeni mwa ukuta ulikuwa umechimbuliwa. Shimo hapa, shimo pale, amezunguka banda zima yule mnyama, kila mahali kaenda chini mpaka amekutana na zege, akapiga makucha, mikwaruzo myeupe imepangana, akaacha, akahamia mbele. Mlangoni kwangu, kona ya chini, rangi imetoka na kuna manyoya yake meusi yamenasa. Na harufu, mama yangu! Alikaa pale muda mrefu. Alijaribu kweli kweli.

"Umeingia ndani?" nikamuuliza.

"Sijaingia. Miguu imekataa."

Nikafungua komeo la juu, la chini. Nikaingia kichumbani, nikafunga. Nikasukuma ule wa bega.

Matroni akanijia kifua mbele, kanuna, anataka kujua chakula kimechelewa wapi. Nyuma yake wanawe wote, wakubwa, wazima, hakuna hata unyoya uliokaa vibaya.

Nikapiga kelele kutoka ndani, "Wapo! Wapo wote!"

Nikatoka nikamkuta amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anafuta macho kwa upindo wa kitenge, anacheka. Nikachukua ufagio nifukie mashimo, akanipiga mkononi.

"Acha! Hiyo usifagie. Nenda kamwite Kinanda. Mwite na Pima Maji. Waite wote walionisikia siku ile."

Walikuja. Akawazungusha banda zima, anawaonyesha mkwaruzo mmoja mmoja, kama mkubwa wa hospitali anayetembeza wageni. Pima Maji alikuwa anagusa zege lake anasema, "Kina cha mkono mzima hicho, mimi nilimwambia," na hakuna aliyembishia, siku ilikuwa nzuri. Mimi nilisimama mlangoni nimekunja mikono, atakayetaka kujua nani kaufunga aulize.

Kinanda akatazama ile mikwaruzo muda mrefu bila kusema. Kinanda, bila kusema! Mwisho akajikohoza. "Mama, na mimi nina kaeneo pale nyuma. Naweza kuingia nione kwa ndani palivyokaa?"

"Ingia."

Akafungua mlango wa chuma, akauacha wazi, akaenda moja kwa moja kusukuma ule wa pili.

"We!" Mama Mkubwa akanguruma mpaka kuku wakanyamaza. "Unakwenda wapi? Funga wa nyuma kwanza! Na hivyo viatu vyako vya barabarani vua!"

Na Kinanda akarudi nyuma, akafunga, akainama kuvua viatu.